Kupoza na Kutia Baridi: Maelezo ya Ufungaji wa Mtambo wa Maji katika Kompyuta ya Mezani

Kupoa ni kitenzi ambacho kila mtoto aliyelelewa katika Kiswahili hukijua kabla hajajua kusoma. Chai hupoa, uji hupoa, pasi hupoa, na jiko hupoa baada ya makaa kwisha. Katika yote hayo maana ni moja: kitu kilikuwa na moto, moto ukakitoka, kikawa sawa au karibu sawa na hewa iliyokizunguka. Hapo ndipo kupoa kunapokoma. Chai iliyopoa si chai ya baridi, na mtu atakaye chai ya baridi hana budi kuitia barafu au kuiweka katika jokofu. Tofauti hii huonekana hata dukani, ambako muuzaji humwuliza mteja kama ataka soda ya baridi au ya moto; na soda iitwayo ya moto haikukaribia jiko hata kidogo, bali ni ile iliyokaa rafuni na kuwa na joto la chumba. Ndiyo kusema wenye lugha wamekwisha kuweka mpaka: upande mmoja ni kazi ya kupoza, na upande wa pili ni kazi ya kutia baridi.

Mpaka huo una faida kubwa kwa mtu atakaye kuufahamu mtambo ambao siku hizi hufungwa ndani ya baadhi ya kompyuta za mezani, yaani mtambo wa kupoza kwa maji. Watu wengi wauonapo kwa mara ya kwanza, na maji yakipita katika mipira miangavu kati ya nyaya za umeme, hudhani ya kuwa maji hayo ni ya baridi, na kwamba baridi yake ndiyo ishindanayo na moto wa mashine. Dhana hiyo si kweli, wala madhara yake si ya maneno tu. Mwenye kuiamini hununua vitu asivyovihitaji, na hukasirika aonapo kipimo hakishuki kama alivyotazamia. Akiendelea na mawazo yake atafika mahali pa kutaka kutia barafu ndani ya tangi, jambo ambalo katika miji ya pwani laweza kuiua mashine. Maji ya mtambo huu ni mchukuzi. Huupokea moto mahali pamoja, huubeba, na kuutua mahali pengine penye nafasi ya kuutawanya hewani. Nayo hayawezi kamwe kuwa na baridi kuliko hewa hiyo.

Kitenzi kupoza kina ushahidi mwingine katika Kiswahili cha Tanzania. Mahali ambapo umeme wa njia kuu hushushwa nguvu kabla ya kugawiwa majumbani huitwa kituo cha kupoza umeme. Kilichopunguzwa hapo si moto wa kupimwa kwa kipimajoto, bali ni nguvu tu. Hali kadhalika mtu hupoza hasira za mwenziwe, na hapana afikiriye kwamba hasira hizo zimetiwa baridi. (Wengi huandika kupooza, kwa o mbili. Yafaa wahariri walitazame jambo hili, kwani kupooza ni kufa kwa kiungo cha mwili, na kituo cha kupooza umeme, kikisomwa kwa makini, ni kituo kinachoutia umeme maradhi.)

Moto wenyewe watoka wapi? Kila kompyuta ina prosesa, ambayo wataalamu wengine huiita kichakataji, nayo ndiyo ifanyayo hesabu zote. Karibu umeme wote uingiao katika prosesa hugeuka kuwa joto. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani huandikiwa wati 65; zilizo kubwa zaidi huandikiwa wati 125, na ziko ambazo zikifanyishwa kazi kwa nguvu zake zote hupita wati 250. Pasi ya umeme hutumia wati 1,000 au zaidi, na kwa hiyo wati 250 zaweza kuonekana chache. Lakini pasi hueneza joto lake katika bamba pana, hali moto wa prosesa hutoka katika kipande cha silikoni kilicho sawa na stempu ya posta au kidogo kuliko hivyo. Kwa kila sentimita ya mraba, joto la prosesa ni kubwa mara nyingi kuliko la bamba la pasi. Lisipoondolewa upesi, prosesa hujilinda yenyewe: ikifikia kama nyuzi 100 za sentigredi hupunguza mwendo wake, na ikizidi hapo mashine hujizima. Kwa sababu hiyo anayepuuza kupoza haoni moshi wala moto. Aonacho ni mashine nzito, iliyonunuliwa kwa bei ya farasi na kutembea mwendo wa punda.

Njia ya kawaida ya kuondoa joto hilo ni chuma chenye mapezi mengi membamba, kilichokalishwa juu ya prosesa, na feni ya kukipulizia. Njia hii yatosha kwa kompyuta nyingi, na yapasa kusemwa waziwazi kwamba mtu ambaye kazi yake ni kuandika makala, kusoma barua na kutafuta maneno katika kamusi hana haja ya maji. Maji hufaa pale ambapo prosesa, au kadi ya picha, au zote mbili, hushinda kutwa zikifanya kazi kwa nguvu zote: kutengeneza filamu, kuchora majengo, au kupitisha hazina kubwa ya matini na sauti katika programu za kuchunguza lugha. Wengine hufunga maji kwa ajili ya kupunguza kelele za feni, na wengine kwa ajili ya uzuri wake tu, na hao nao wana haki yao.

Wala jambo lenyewe si geni. Kampuni ya IBM ilitumia maji katika kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960, mojawapo ikiwa System/360 Model 91. Na IBM 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, ilipozwa kwa maji pia. Katika Cray-2, iliyotolewa mwaka 1985, vipande vya umeme vilizamishwa vizima katika kimiminika kisichopitisha umeme. Hizo zilikuwa mashine za vyumba vizima, na wenye kuziangalia walikuwa mafundi wa mishahara. Mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza Power Mac G5 yenye prosesa mbili za gigahezi 2.5 zilizopozwa kwa kimiminika, nayo ilikuwa mashine ya kukaa mezani kwa mtu. Katika miaka hiyo hiyo watu waliopenda kufungua mashine zao walikuwa wakijitengenezea mitambo ya namna hii, na baadhi yao hawakuona aibu kutumia rejeta ndogo za magari.

Sababu ya kuchagua maji ni hesabu nyepesi. Lita moja ya maji yahitaji kilojuli 4.2 hivi ili joto lake lipande kwa uzi mmoja wa sentigredi. Lita moja ya hewa yahitaji kama juli 1.2 tu. Kwa ujazo ulio sawa, basi, maji hubeba joto kupita hewa kwa kiasi cha mara 3,500. Tuseme pampu inasukuma lita 3 kwa dakika, na prosesa inatoa wati 200. Maji yakipita juu ya prosesa hiyo hupanda joto kwa uzi mmoja hivi, wala si zaidi. Tarakimu hii ndogo huwashangaza wengi, kwa kuwa hutazamia maji yaingie baridi na kutoka yakifuka mvuke. Kwa kweli maji ya mtambo mzima huwa na joto lililo karibu sawa kila mahali. Na ndiyo maana hakuna faida ya maana kubishana kama maji yaanzie kwenye prosesa au kwenye kadi ya picha, ubishi ambao umekwisha kupoteza saa nyingi za mafundi.

Lakini joto hilo likiisha kubebwa halina budi kutuliwa. Maji hupita katika rejeta, hewa ya chumba ikapita kati ya mapezi yake, na joto likahama kutoka maji kwenda hewani. Joto huhama kutoka kilicho moto kwenda kilicho baridi, halirudi nyuma. Kwa hiyo maji hayana budi kuwa moto kuliko hewa ili yaweze kuitoa mizigo yake. Katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari, hewa ikiwa nyuzi 32, maji ya mtambo uliofungwa vizuri yaweza kuwa nyuzi 40, na prosesa ikifanya kazi ngumu yaweza kuwa nyuzi 70. Mtu asilaumu mtambo kwa hayo. Chumba kikipozwa kwa kiyoyozi hadi nyuzi 24, maji nayo yatashuka kwa kiasi kile kile, na prosesa vilevile. Hewa ya chumba ndiyo sakafu, na kupoza hakuvunji sakafu.

Huenda msomaji akapinga kwa kuutaja mtungi. Mtungi wa udongo hukaa kivulini, hauna feni wala umeme, na maji yake huwa baridi kuliko hewa ya nyumba. Hoja hiyo ni nzuri, na jibu lake liko katika ngozi ya mtungi. Maji hupenya polepole katika udongo, yakatokea nje na kukauka; na kila gramu ya maji ikaukayo huondoka na joto la kilojuli 2.4 hivi, ambalo huchotwa katika mtungi wenyewe. Mtungi hulipia baridi yake kwa maji yanayopotea. Ndiyo sababu hufanya kazi vizuri zaidi katika nchi kavu za bara kuliko pwani, ambako hewa imekwisha kujaa unyevu, na ndiyo sababu mtungi uliopakwa rangi haufai kitu. Mtambo wa kompyuta umefungwa pande zote. Hakuna kinachokauka, na kwa hiyo hakuna baridi inayozaliwa. Kwa nasaba, mtungi ni ndugu wa jokofu kuliko kuwa ndugu wa rejeta.

Sasa juu ya majina ya viungo vyenyewe. Jambo la kupendeza ni kwamba karibu yote yamekwisha kupatikana katika gereji za magari, kwani injini ya gari hupozwa kwa njia ile ile. Rejeta, pampu, feni, tangi, mpira wa maji: mafundi wa magari wameyatumia maneno haya kwa miaka mingi, na mwenye kompyuta hana haja ya kubuni mengine. Hata maradhi yana jina lake. Gari ambalo maji yake yamezidi moto husemwa linachemsha, na watu wamekwisha kuanza kusema hivyo kwa kompyuta, ijapokuwa ndani yake hakuna kinachochemka. Lugha pia imetoa tofauti moja bila kuombwa: maji yakipitishwa katika njia laini ikunjikayo, njia hiyo ni mpira, yakipitishwa katika njia ngumu isiyokunjika, ni bomba. Wauzaji wa nchi za Ulaya huhitaji maneno mawili kueleza jambo ambalo hapa neno moja latosha.

Kiungo kisicho na jina ni kile kikaacho juu ya prosesa. Ni kisanduku kidogo chenye tako la shaba. Upande wa ndani shaba hiyo imechanjwa mifereji myembamba kama unywele, na maji hupita humo. Baadhi ya mafundi hukiita bloku, lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na waashi kwa tofali la saruji, na mtu asikiaye habari ya kufunga bloku la maji ndani ya kompyuta ana haki ya kuogopa. Kipokezi lafaa zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kuupokea moto. Na katika maelezo haya litatumika hilo. Kuhusu mashine yenyewe, tarakilishi na ngamizi ni maneno yaliyopendekezwa na yenye watetezi wake, lakini karibu kila fundi atasema kompyuta.

Kazi ya kufunga huanza kwa futi na karatasi, wala si kwa bisibisi. Feni za rejeta huwa na upana wa milimita 120 au 140, na rejeta huhesabiwa kwa idadi ya feni zake: ya feni mbili ni milimita 240, ya tatu ni 360. Pamoja na urefu yapasa kupimwa unene, yaani rejeta na feni zake vikiwekwa pamoja, kwani mara nyingi kasha huwa na nafasi ya urefu na kukosa nafasi ya unene, na fundi hugundua hayo baada ya kununua. Rejeta mpya husafishwa kwanza. Ndani yake hubaki mabaki ya dawa ya kulehemu kutoka kiwandani. Maji moto hutiwa, rejeta hutikiswa na kumwagwa, mara kadhaa, mpaka yatoke safi, na suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyokenekwa.

Hapa lazima litajwe jambo la madini, maana kosa lake haliponyeki. Vipokezi vingi ni vya shaba nyekundu. Rejeta nazo ni za namna mbili, za shaba na za alumini, na zile za alumini ni za bei nafuu. Shaba na alumini vikiwa katika maji mamoja, alumini huliwa. Maji huwa kama yale ya betri, madini mawili yakawa ncha zake, na ncha dhaifu ikamomonyoka miezi kwa miezi, takataka zake zikaziba mifereji ya kipokezi, hata mwisho rejeta ikatoboka. Shaba na nikeli hupatana. Shaba na alumini hazipatani. Neno la Kiswahili shaba, ambalo hukusanya shaba nyekundu na ile iliyochanganywa na zinki, halileti hatari hapa, kwani hizo mbili zaweza kukaa pamoja katika mtambo.

Kisha prosesa huvuliwa chuma chake cha zamani. Uso wake hufutwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpaka ung'ae. Juu yake huwekwa mafuta mazito ya kupitishia joto, ambayo mafundi huyaita pesti, kiasi cha punje ya kunde ndogo. Kazi ya pesti ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kwa macho kati ya nyuso mbili za madini, ili hewa isikae humo. Na kwa kuwa pesti yenyewe hupitisha joto vibaya kuliko shaba, kuizidisha ni hasara. Kipokezi hukalishwa juu yake na kukazwa kwa skrubu nne, kidogo kidogo na kwa mkingamo, kama mtu akazavyo nati za gurudumu. Akikaza upande mmoja kwanza, kipokezi hulala upande, na prosesa huungua pembe moja.

Pampu na tangi vina sharti moja tu kubwa: tangi liwe juu ya pampu, na maji ya tangi yaingie moja kwa moja katika mdomo wa pampu. Pampu za namna hii hulainishwa na maji yenyewe yapitayo ndani yake, na pampu ikizungushwa bila maji huharibika upesi. Baada ya pampu, viungo vingine vyaweza kufuatana kwa namna iliyo rahisi kwa mipira, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa.

Mpira hukatwa kwa kisu kikali, na mkato uwe wa mraba. Mpira uliokatwa mshazari hukaa vibaya katika kiungio, nao ndio chanzo kimojawapo kikubwa cha kuvuja. Viungio huingia katika matundu ya nyuzi za robo inchi, na kila kimoja kina pete ya mpira ya kuzuia maji. Pete hiyo ndiyo izibayo, wala si nguvu za mkono. Kiungio hukazwa kwa vidole mpaka kigote, na kuongezwa kidogo tu. Fundi wa mabomba aliyezoea spana kubwa na uzi wa kuzungushia hushindwa na kazi hii kuliko mtu asiyejua kitu, kwa maana huikata pete kwa nguvu zake na kusema kiungio ni kibovu.

Maji ya kutumia ni maji yaliyokenekwa. Neno kukeneka ni la zamani na ni zuri, lakini dukani halijulikani sana. Huko bidhaa hiyo aghalabu huuzwa kwa jina la maji ya betri. Jina hilo lahitaji uangalifu, kwa sababu halitaji kilichomo bali hutaja kinakokwenda. Na katika betri huingia maji, na asidi pia. Mnunuzi na asome karatasi ya chupa. Maji ya bomba hayafai, maana yana chumvi na chokaa ambazo hukaa katika mifereji ya kipokezi. Maji yaliyokenekwa hutiwa dawa kidogo ya kuzuia kuvu na mwani, au hununuliwa yakiwa yamekwisha kuchanganywa.

Sehemu inayofuata ndiyo yenye hatari, na ndiyo inayofanywa kwa haraka na watu wengi, kwa kuwa kwa macho kazi imekwisha na mwenye mashine ana hamu ya kuiona ikiwaka. Maji yaliyokenekwa yakiwa safi kabisa hupitisha umeme kidogo sana. Lakini hayabaki safi: yakigusa madini huchukua chembe zake, na yakianguka juu ya bodi mama huchanganyika na vumbi na jasho la vidole. Tone hilo likiangukia bodi isiyo na umeme, ni ajali ndogo. Bodi hukaushwa, huachwa siku moja au mbili, na kwa kawaida hurudi kazini. Tone lilo hilo likiangukia bodi yenye umeme laweza kuunguza katika nukta moja vitu vya mshahara wa miezi. Tofauti kati ya ajali na msiba, basi, ni umeme tu, na utaratibu wote wa kujaza maji umepangwa juu ya jambo hilo.

Nyaya zote za pawasaplai huchomolewa katika bodi, prosesa, kadi na diski, ukabaki mmoja tu uendao kwenye pampu. Pawasaplai ya kawaida haiwaki bila amri ya bodi. Amri hiyo hupita katika tundu la 16 la plagi kubwa ya matundu 24, ambalo kwa desturi ndilo la waya wa kijani, na ukiunganishwa na waya mweusi wowote wa plagi hiyo kwa kipande cha waya, pawasaplai huwaka. Wauzaji huuza vifuniko vya kufanya kazi hiyo, navyo ni salama kuliko waya wa kukunjwa kwa mkono. Tangi hujazwa, pampu huwashwa kwa nukta chache, maji hushuka, pampu huzimwa kabla tangi halijakauka, tangi hujazwa tena. Hurudiwa hivyo mpaka maji yasishuke.

Kisha huja kazi ambayo mafundi wa breki huiita kutoa upepo. Hewa hunaswa katika pembe za rejeta na katika mifereji ya kipokezi, na mahali penye hewa hapana maji, na pasipo maji hapana kupoza. Kasha huinamishwa polepole mbele, nyuma, kulia na kushoto, pampu ikienda, na mapovu hupanda hadi katika tangi. Sauti ya mchururiko ni dalili ya hewa iliyosalia, na baada ya siku chache hutoweka. Chini ya kila kiungio hutandazwa karatasi laini nyeupe, na pampu huachwa iende saa 24 hali bodi haina umeme. Karatasi huonyesha hata tone moja ambalo jicho lisingeliona. Wako wasemao saa moja yatosha. Kiungio kibaya sana hujitangaza katika dakika ya kwanza, ni kweli. Lakini kile cha hatari ni kinachotoa tone moja kwa saa sita, na hicho hakionekani kwa mwenye haraka. Karatasi zikiwa kavu, nyaya hurudishwa, mashine huwashwa, na joto la prosesa hutazamwa ikifanyishwa kazi ngumu kwa muda wa nusu saa au zaidi, mpaka maji yafikie joto lake la kudumu. Kipimo cha dakika tano za kwanza hakina maana, kwa kuwa maji mengi huchelewa kupata moto.

Barafu iliyotajwa mwanzo sasa yaweza kuelezwa. Hewa ya pwani ikiwa nyuzi 30 na unyevu wake asilimia 75, kitu chochote chenye nyuzi chini ya 25 hivi hutoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa jokofuni. Maji ya mtambo yakishushwa kwa barafu hadi nyuzi 15, mipira na kipokezi vitalowa kwa nje, na matone yatadondoka juu ya bodi yenye umeme bila kiungio hata kimoja kuvuja. Fundi atakagua pete zote na kuzikuta nzima. Mtambo uliofungwa kwa kupoza tu hauwezi kufanya hivyo, maana maji yake siku zote yana moto kuliko hewa, na kilicho moto kuliko hewa hakitoki jasho.

Kwa wasiotaka taabu hii ipo mitambo iliyofungwa na kujazwa kiwandani, ambayo hukazwa skrubu tu. Haijazwi maji na mwenyewe, na kwa kawaida ikiharibika hubadilishwa nzima. Humo pampu mara nyingi huwa ndani ya kipokezi. Hapo yapasa kuangalia jambo moja: sehemu ya rejeta iwe juu kuliko pampu, ili hewa chache iliyomo ikusanyike katika rejeta na isije ikakaa katika pampu.

Matunzo si mengi. Mapezi ya rejeta hushika vumbi, na katika nyumba za karibu na bahari vumbi hilo huchanganyika na chumvi na kugandamana. Hupulizwa kila baada ya miezi michache, kutoka upande wa pili wa ule uingiao hewa. Maji hupungua kidogo kidogo hata pasipo kuvuja, kwa sababu mpira hupitisha mvuke, na tangi huongezwa. Baada ya mwaka au zaidi kidogo hubadilishwa yote. Fundi mwenye busara huwa ameweka tangu mwanzo tundu lenye kizibo mahali palipo chini kuliko pote, kwani asiyeliweka atalazimika kuufungua mpira juu ya kadi ya picha, akiwa na bakuli mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili.